Jinsi ya kuanza kumwangalia Claudia Cardinale: tanguliza masikio

Watu wakisikia Claudia Cardinale, yule mwigizaji wa muvi za Kitaliano, wanaenda kugugo picha, wanasema dah huyu dada alikuwa mzuri jamani, basi habari imeishia hapo. Alipofariki Septemba 23, 2025 kule Nemours Ufaransa akiwa na miaka 87, picha zake zilijaa kila kona na kuna washkaji wakaniuliza waanze na muvi gani, sasa nawajibu wote kwa mpigo. Sharti langu moja tu, huyu mama usimfuate kwa macho peke yake, fuata sauti.

Kwanza jua alikotoka maana kila kitu kinaanzia hapo. Kazaliwa Tunis 1938, familia yenye asili ya Sisilia, kwa hiyo ni Mtaliano wa Afrika kabisa, nyumbani Kisisilia, shule Kifaransa, mtaani Kiarabu cha Kitunisia, Kitaliano chenyewe ndo kilikuwa kinampiga chenga. 1957 akabeba taji la mrembo wa Kitaliano wa Tunisia, zawadi ikawa safari ya kwenda tamasha la filamu Venice, na kule maprodyuza wakamganda mpaka akasaini na prodyuza Franco Cristaldi. Mkataba wenyewe ulikuwa kamba shingoni, ulimbana mpaka kwenye maisha yake binafsi.

Sasa sikiliza hapa. Italia miaka ile walikuwa wanashuti picha kwanza, sauti inakuja kuwekwa studio baadaye, na kama lafudhi yako haiwapendezi anatafutwa mtu mwingine akusemee. Claudia alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo halafu ina Kifaransa ndani yake, wakaona hapana, kwa hiyo muvi zake za mwanzo unamuona yeye unamsikia mwingine. Sisi tuliokulia mabanda ya video, jamaa mmoja anamsemea steringi, adui na demu wa steringi kwa sauti ileile, hiyo haitushangazi sana, tofauti ni kwamba yule wa bandani ulijua kabisa anakutafsiria.

Haya, anza na I soliti ignoti ya 1958. Ni komedi ya wezi wenye nuksi, yeye ana sini chache tu, anacheza Carmelina, msichana anayefungiwa ndani na kaka yake. Usitegemee makubwa, ila ukiwa unaiangalia kumbuka kwamba yule binti alikuwa mjamzito na anaficha, mimba ya kubakwa, alikuja kulisema mwenyewe baadaye. Mtoto akazaliwa London mwaka huohuo na kwa miaka mingi dunia ikaambiwa ni mdogo wake. Mimi nikishajua hilo siwezi tena kucheka vizuri zile sini zake.

Ya pili La ragazza con la valigia, 1961. Anaitwa Aida, mwimbaji aliyetelekezwa na kijana wa kishua, halafu mdogo wake huyo kijana, ana miaka 16 tu, ndo anampenda kweli. Kuna sini anashuka ngazi kavaa joho la kuogea huku inapigwa muziki wa Verdi, irudie hata mara tatu, hakuna atakayekulaumu.

Baada ya hapo tenga wikiendi nzima kwa mwaka 1963, na hapa usifanye ujanja wa kuruka. Il gattopardo ya dairekta Visconti na 8½ ya dairekta Fellini alizishuti kwa kipindi kimoja, anatoka huku anakimbilia kule, Visconti anamtaka na nywele nyeusi na Fellini anataka ziwe za rangi nyepesi, hizo rangi sijui nywele zilivumiliaje. Visconti kila kitu kimepangwa, Fellini anabuni palepale. Jumamosi weka Il gattopardo, sini ya dansi peke yake ni kama dakika 45 kwa hiyo kula kabisa mapema, na subiri pale mezani Angelica, ndo yeye huyo, anapoangua kicheko hadi watu wazima wanakosa pa kuangalia. Sauti bado si yake. Jumapili weka 8½, na hapo ndo Fellini kamwacha aongee mwenyewe, kwa mara ya kwanza kwenye muvi ya Kitaliano. Ukiisikia ile sauti unajiuliza hivi waliifichia nini muda wote huo?

Kabla hujachoma bando cheki urefu. Il gattopardo kamili inapita saa tatu, ukikuta ya dakika 161 hiyo ni ile iliyokatwa kwa ajili ya Marekani, achana nayo. Chagua sauti ya Kitaliano na maandishi ya chini, maana ukiweka ya Kiingereza unaongeza mgeni juu ya mgeni.

Ukishatoka hapo nenda C'era una volta il West ya 1968, dairekta Sergio Leone, Claudia ndo Jill, mwanamke katikati ya makauboi wote wale. Muziki wa Morricone ulitungwa kabla ya kushuti na ukawa unapigwa seti, angalia anavyotembea stesheni utaelewa. Nayo cheki isiwe fupi, kamili ni dakika 165 kwenda juu. The Pink Panther ipitie tu ukiwa huna kazi, hata humo kaingiziwa sauti ya mtu. Kisha Fitzcarraldo ya 1982, ile ya meli kupandishwa mlima huko Peru. Yeye anacheza Molly, mwenye danguro anayetoa hela za kununulia hiyo meli, na hii weka Kiingereza kwa sababu ndivyo ilivyoigizwa.

Ukimaliza zote rudi kwa Aida dakika kumi tu. Zima sauti, mwangalie mdomo, halafu jaribu kumsikia kwa ile sauti ya 8½.