Kabla Hujauza Ng'ombe: Mambo ya Kuzingatia Ukitaka Kwenda Kazi Nje

Nina saiba hapa Kisumu, upande wa Kondele, na kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kuwaskania vyeti. Haipiti wiki bila mtu kuingia na masharti ya visa aliyotumiwa WhatsApp, akitaka nimchapishie. Swali langu huwa moja: haya ni ya lini? Wengi hawajui. Video waliyoiona ni ya 2022, mwaka ambao Uingereza ilianza kuwapa visa walezi wa wazee na watu wakaondoka kwa maelfu. Masharti ya 2022 ni historia. Soma hapa mpaka mwisho kabla hujamtumia mtu yeyote hata mia.

Pasipoti. Iwe imebakisha zaidi ya miezi sita. Kitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,550 tangu Machi 2024, unalipa kupitia eCitizen na si kwa namba ya mtu. Alama za vidole unaweza kutolea Kisumu, Eldoret au Nakuru, kwa hiyo usidanganywe kwamba lazima ulale kwa shemeji Nairobi.

Cheti cha maadili mema kutoka polisi: alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre. Anza mapema.

Chanjo ya homa ya manjano: angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi ya njano usiiache nyumbani.

Kipimo cha kifua kikuu: ukiomba visa ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita, ni lazima, na kinafanyiwa Nairobi kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Cheti chake kinaishi miezi sita tu. Nimeona watu wakikimbilia kupimwa kabla hata ya kupata mwajiri, kisha wanapimwa tena na kulipa tena.

Tarehe za masharti. Chukua kalamu. Uingereza ilianza kuwakataza walezi kwenda na mke, mume au watoto Machi 11, 2024. Julai 22, 2025 ikafunga kabisa maombi mapya ya walezi walio nje ya nchi hiyo. Ukiambiwa leo na mtu wa Kakamega au wa Nairobi kwamba ana nafasi za ulezi Uingereza kwa watu walio Kenya, huyo anauza mlango uliokwisha kufungwa. Kwa kazi nyingine za ustadi, kima cha kawaida cha chini cha mshahara kilipanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka siku hiyohiyo, na kuanzia Januari 8, 2026 wanataka Kiingereza cha kiwango cha B2, yaani cha juu ya wastani. Ukiongeza ada ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa ya mtu mzima, uone kama hesabu yako bado inasimama.

Canada, kwa wanafunzi: fedha za kujikimu unazotakiwa kuonyesha zilikuwa dola 10,000 za Canada kwa miaka mingi. Zikapanda hadi 20,635 mwaka 2024, na tangu Septemba 1, 2025 ni 22,895, na hapo karo na nauli hazimo. Marekani: wanaoomba visa za masomo wanaambiwa tangu Juni 2025 wafungue kurasa zao za mitandao zikaguliwe. Zile meme zako za saa nane usiku zitasomwa na afisa. Mwajiri wa Marekani anayetaka kumchukua mtaalamu aliye nje kwa visa ya H-1B amewekewa malipo ya dola 100,000 tangu Septemba 2025, kwa hiyo ajenti anayekuahidi H-1B kwa laki tatu akueleze hizo nyingine zinatoka wapi. Ulaya ya Schengen, zile nchi zinazotumia visa moja: ada ni euro 90, na tangu Oktoba 12, 2025 wameanza kuchukua alama za vidole na picha mpakani. Mashine ndiyo inayokuhesabia zile siku 90 unazoruhusiwa kukaa, habari ya muhuri uliofifia imekwisha.

Hati ya udhamini, ile ya mwajiri unayoombea visa ya kazi Uingereza, haiuzwi. Huu ndio wizi mkubwa kuliko wote hapa magharibi. Mwajiri wa Uingereza mwenye leseni ndiye anayekutolea hati hiyo, na tangu Desemba 31, 2024 haruhusiwi kukubebesha gharama yake wewe mfanyakazi. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, unaandika jina la kampuni unaona. Kwa mawakala wa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya waliosajiliwa. Dakika kumi kwenye simu yako. Na usijipe moyo kwa sababu jambo limebeba jina kubwa: wazazi wa Uasin Gishu walilipia watoto wao mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia kaunti yenyewe, na mwaka 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Binti mmoja wa Siaya, mhudumu wa wagonjwa katika zahanati ya binafsi hapa mjini, alipata mwajiri Uingereza kwa njia safi kabisa. Alihojiwa kwa video, kampuni ilikuwa kwenye orodha, hakuna aliyemdai kitu. Mwishoni mwa Machi 2025 hati ya udhamini ikatoka. Hati hiyo inaishi miezi mitatu. Usipoombea visa ndani ya muda huo imekufa. Akaja na bahasha ya vyeti nimskanie. Nikavipanga kwenye kaunta kimoja kimoja, na nilipofika cha tatu nikazima mashine.

Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vilikuwa na jina la baba mzazi. Cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kilikuwa na jina la baba wa kambo, kwa sababu mwalimu mkuu alimwandikisha hivyo akiwa darasa la nane, na mtoto wa umri ule hana ubavu wa kubishana na mwalimu mkuu. Chuo kikafuata KCSE. Pasipoti ikafuata kitambulisho. Mwajiri naye alikuwa ametumiwa vyeti vya chuo kwanza, akaandika hati ya udhamini kwa jina la baba wa kambo. Ikawa pasipoti ni ya mtu mmoja na udhamini ni wa mwingine, na wote wawili wamesimama mbele yangu ndani ya sweta moja.

Jirani yake alimwambia, "Tuma tu, watarekebisha huko." Huko hakuna anayekaa kukurekebishia. Herufi moja ikikosewa, mwajiri anaweza kuongeza maelezo kwenye mfumo. Jina zima la ukoo kuwa la mtu mwingine ni kesi tofauti, na mwajiri hakutaka kuigusa mpaka vyeti vyote viseme kitu kimoja. Basi akaanza safari ya karatasi: wakili aandike hati ya kubadili jina, hati isajiliwe Nairobi, jina lichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, ndipo aombe kitambulisho kipya, ndipo aombe pasipoti mpya. Kila hatua na foleni yake, kila foleni na "rudi wiki ijayo". Alikuwa akipita kwangu kuangalia kama kuna ujumbe wa eCitizen, mwanzoni mara moja kwa wiki, baadaye kila asubuhi kabla sijamaliza kufagia.

Juni ikaisha ameshika karatasi ya kusubiria kitambulisho. Udhamini ukafa. Akamwomba mwajiri amtolee mwingine. Mwajiri akajibu kwa adabu kwamba tangu Aprili 9 kampuni za ulezi za England zinatakiwa kwanza kutafuta walezi walio tayari nchini humo ambao wamepoteza waajiri wao. Wakiwa bado wanaandikiana barua pepe, Julai 22 ikafika. Pasipoti yake mpya ilitoka Agosti, majina yote sawa sawa.

Kwa hiyo leo jioni, hata kama huna mwajiri wala ndoto ya ndege, toa vyeti vyote utandaze kitandani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, KCSE, chuo, cheti cha ndoa, leseni ya taaluma. Soma herufi kwa herufi. Angalia kama Owuor amegeuka Ouor. Angalia mpangilio, kama jina la kanisani limeruka kutoka mwanzo hadi katikati. Angalia tarehe ya kuzaliwa, maana wazee wetu walikuwa wanakumbuka mvua na njaa, si tarehe. Akina mama mlioongeza jina la mume kwenye kitambulisho, jiulizeni kama pasipoti inalijua. Tofauti ndogo inaweza kuponywa kwa hati ya kiapo kwa wakili. Kubwa inataka miezi, na miezi hiyo uitumie sasa ambapo hakuna saa inayogonga. Na unapomtumia mwajiri maombi, mpe ukurasa wa pasipoti kwanza kabla ya cheti kingine chochote.

Pesa benki. Harambee ya kanisani ikiingia yote kwenye akaunti Jumatatu na wewe ukaomba visa Alhamisi, afisa anaona akaunti iliyokuwa na shilingi mia nane ghafla ina laki saba. Weka kidogo kidogo, na zikija kwa mkupuo ambatisha barua ya chama au ya kamati ya harambee na orodha ya waliochanga. Pesa ya kukopa ya kujazia akaunti siku tatu wanaijua kuliko unavyofikiri.

Hata majirani wamebadilisha mambo. Kitambulisho cha taifa kinakuvusha Busia au Malaba kwenda Uganda, lakini kuvuka si kibali cha kufanya kazi. Mnaovukia Isebania kwenda kutafuta riziki Tanzania, kuna amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Faini haipungui milioni 10 za Tanzania, na kifungo kinaweza kufika miezi sita. Kama una kibanda upande wa pili, nenda kaulize kabla hujaongeza stoki.

Waajiri wa hapa Kenya nao wasijione wako salama. Ukimleta mwalimu, mpishi au fundi kutoka nje, kumwajiri bila kibali cha kazi ni kosa kwa sheria ya uhamiaji ya 2011, na kosa ni lako pia, si lake peke yake. Mgeni wako wa semina anayetoka Ujerumani hawezi tena kuja na kubandikiwa visa uwanjani. Tangu Januari 2024 anaomba idhini ya kusafiri, eTA, mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Mwambie wiki mbili mapema. Akikwama Frankfurt, ukumbi wa Milimani uliokwisha kulipia haurudishi pesa.

Usiache kazi. Yule binti aliandika barua ya kuacha kazi Aprili, siku chache baada ya kuiona ile hati ya udhamini, na Mei nafasi yake ilikuwa na mtu. Barua ya kuacha kazi iandike visa ikiwa ndani ya pasipoti, au siku hizi ikiwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni na umeifungua ukasoma jina na tarehe kwa macho yako. Ng'ombe vilevile. Shamba vilevile, na shamba la familia hata visa ikitoka kwanza kaeni kikao.

Ukiambiwa uende Ghuba kwa visa ya matembezi halafu "utabadilishiwa huko", kataa. Ukipewa kazi ya huduma kwa wateja Thailand, mshahara mnono, tiketi imelipiwa na hakuna aliyekuhoji, kataa mara mbili. Wakenya waliookolewa Myanmar kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni wengi walianza hivyohivyo. Mkataba usome nyumbani na mtu mwingine, usiusome JKIA, uwanja wa ndege. Nakala za kila kitu mwachie mtu anayeshika simu, si yule kaka anayezima data kuokoa bando. Namba ya ubalozi wa Kenya kule unakokwenda iandike kwenye karatasi, maana simu ndicho kitu cha kwanza wanachokunyang'anya. Na jumbe za M-Pesa za kila ulichomlipa ajenti usizifute, hata akikupigia kukwambia mambo yamekamilika.