Mtoto Amechelewa Kuzungumza: Anza na Masikio

"Atasema tu, wakati wake haujafika." Ndivyo mzazi huambiwa. Wapo watoto wanaochelewa kidogo kisha wakawafikia wenzao, lakini huwezi kujua kwa kumtazama tu kama wako ni mmoja wao. Kupimwa mapema hakumdhuru, ila kungoja kunaweza kumgharimu miezi ambayo ubongo unanasa lugha kwa wepesi.

Kufikia miezi 12 mtoto hubwabwaja "bababa", hugeuka akiitwa jina, hupunga mkono au huonyesha kitu kwa kidole. Kwenye miezi 18 awe na maneno kadhaa. Akitimiza miaka 2, maneno yapata 50, na aanze kuunganisha mawili: "mama njoo". Usikisie. Kwa wiki nzima andika kila neno analotumia kwa maana ileile, hata likiwa halijanyooka. "Ma" ya maji ni neno. "Mee" ya mbuzi pia ni neno. Anayekulia katika lugha mbili, jumlisha maneno ya lugha zote mbili. Si lugha mbili zinazomchelewesha.

Akipungukiwa, apimwe masikio kwanza. Kupiga makofi nyuma yake uone kama atageuka si kipimo. Majimaji yakituama nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto hushtuka mlango ukibamizwa, lakini maneno yanamfikia kama yanasemwa chini ya maji. Wakati huohuo omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, usingoje jambo moja liishe ndipo uanze jingine. Beba ile orodha, pamoja na video fupi ya mtoto akicheza nyumbani, maana wengi hunyamaza kimya mbele ya mgeni. Na usikimbilie kukata uzi wa chini ya ulimi: uzi mfupi unaweza kutatiza kunyonya au baadhi ya sauti, lakini kwa kawaida sio unaozuia maneno kuja.

Tiba ya mtoto mdogo ni mchezo, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani. Tenga dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Zima televisheni, keti sakafuni mtazamane. Chukua mpira anaoutaka, sema "mpira", kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: wakifika 3 wanajaza kimya wao wenyewe, na mtoto anakosa nafasi. Akitoa "pi", mpe papo hapo na umwongezee neno moja: "Mpira mkubwa!" Usimwambie "sema vizuri", wala usimnyime mpira mpaka aseme: akilia, somo limekwisha. Punguza pia "hii nini?", kwani swali likirudiwarudiwa mchezo unageuka mtihani.

Lakini mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, katika umri wowote, usimwandikie orodha. Mpeleke kwa daktari wiki hiihii.