Damu chooni si bawasiri siku zote

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, ukiona damu kwenye choo usikimbilie dawa ya bawasiri ya sokoni. Huenda ni polipu, kinyama kinachoota ndani ya utumbo mpana. Vinyama vingi havina neno, ila vichache hugeuka saratani, polepole, kwa miaka 10 hivi. Daktari akiviona kwa kamera mara nyingi huvikata papo hapo bila kupasua tumbo. Mbaazi na kunde tule, zinasaidia utumbo, lakini haziondoi kinyama kilichokwisha kuota.

Na kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani hiyo, usingoje dalili: muulize daktari kuhusu kipimo ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao, lolote litakalotangulia. Yeye aligundulika na 45? Wewe nenda na 35.