Mwanagenzi wa usanifu katika kampuni kubwa: jinsi ya kutoa kazi isiyorudishwa

Kwenye ofisi ndogo, msanifu wa mabango na kurasa za skrini huchora, huonyesha na kupeleka kazi mwenyewe. Kwenye kampuni kubwa bango moja, au ukurasa mmoja wa programu, hupita kwa mwandishi wa matini, msimamizi wa chapa, mwanasheria, kisha mhandisi au mchapaji, na mara nyingi wewe hutakuwepo wanapolifungua faili lako. Kwa hiyo kipaji chako kitaonekana baadaye. Kinachoonekana kwanza ni kama mtu mwingine anaweza kufungua kazi yako, akaielewa na kuiendeleza bila kukutafuta.

Kabla ya kuchora chochote

Siku ya kwanza omba vitu vinne: mwongozo wa chapa (kanuni za nembo, rangi na herufi za kampuni), maktaba ya vijenzi (vitufe, visanduku vya kujazia, aikoni), orodha ya fonti zenye leseni, na ruhusa ya kuona folda za kazi zilizokamilika. Usingoje upewe kazi ndipo uombe, kwa kuwa ruhusa hizo hupita idara ya teknolojia na huenda zikachukua siku kadhaa.

Ukishazipata, chagua kazi moja iliyokwisha kutoka na uichore upya kwa kutumia maktaba hiyo tu. Iweke yako juu ya ile ya asili, ipunguzie uzito wa rangi hadi asilimia 50 ili ya chini ionekane, uangalie wapi haziingiani. Kila penye tofauti pana kanuni ambayo hukuijua: nafasi kati ya kichwa na aya, urefu wa mstari, unene wa herufi. Timu nyingi za skrini hupanga nafasi kwa vigawe vya 8, yaani pikseli 8, 16, 24, 32. Ukikuta 13 au 19 kwenye kazi yako, ujue ulisogeza kwa kukisia. Zoezi hili la siku moja linafundisha kuliko kuusoma mwongozo mara tatu.

Kuipokea kazi

Maagizo mengi huja kwa mdomo, tena mwishoni mwa kikao watu wakiwa wameshasimama. Siku hiyohiyo yaandike, umtumie aliyekupa. Ujumbe mfupi unatosha: “Nimeelewa ni tangazo la ukurasa wa mwanzo, upana wa pikseli 1200, kwa wateja wapya. Matini ya mwisho nitaipata kwa nani? Nani ataidhinisha? Rasimu ya kwanza nitaileta Jumatano.”

Swali la nani ataidhinisha ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mwenye kuagiza na mwenye kuidhinisha wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na yule wa pili akiiona kazi kwa mara ya kwanza siku ya mwisho, mnaanza upya.

Muda uliopewa ukifika theluthi, onyesha michoro miwili au mitatu isiyo na rangi: visanduku, vichwa vya habari, mpangilio. Ukitia rangi mapema, kikao kizima kitazungumzia rangi na hakuna atakayeona kwamba bei imewekwa chini ya kitufe cha kununua. Na matini ya kweli iwemo tangu mwanzo. Mpangilio uliojengwa juu ya maneno ya kujazia nafasi huvunjika pindi kichwa cha maneno matatu kinapogeuka kuwa cha maneno tisa.

Mpangilio wa faili

Jina lieleze mradi, kitu, ukubwa na toleo: “akiba_bango_A4_v03”. Usitumie neno “mwisho” kwenye jina, kwa sababu litafuata “mwisho2”, na baada ya mwezi hakuna atakayejua lipi lilichapwa. Matoleo ya zamani yahamishie folda yake, usiyafute. Tabaka za faili, yaani vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, nazo zipe majina, angalau zile za juu. Mtu akikuta majina ya programu yenyewe kama “Mstatili 214” mara arobaini, atachora upya kuliko kutafuta.

Kosa moja la wanagenzi huonekana dogo lakini lina madhara marefu: kukitenganisha kijenzi na maktaba ili kukibadilisha kidogo. Tangu hapo, maktaba ikisasishwa, hicho chako kinabaki na sura ya zamani. Kijenzi kisipokutosha, mwambie anayesimamia maktaba. Huenda hali unayoitaka ipo tayari, au huenda umegundua pengo ambalo wengine pia wanalo.

Kazi ya skrini: chukua kitufe kimoja

Kitufe cha “Hifadhi” kinaonekana kazi ya dakika mbili. Mhandisi anahitaji kujua kinavyokuwa kikitulia, kikipitiwa na kielekezi, kikibonyezwa, kikifikiwa kwa kibodi, kikizimwa, na kinapongoja seva ijibu. Usipochora hali hizo, mhandisi atazibuni mwenyewe na kila ukurasa utakuwa na zake. Vivyo hivyo kwa ukurasa mzima: chora ukiwa hauna data, ukiwa unapakia, ukiwa na kosa, na ukiwa na jina refu kupita yote unayoweza kulifikiria.

Kisha pima. Mwongozo wa Apple unataka sehemu ya kugusa isipungue pointi 44 kwa 44, na wa Google kwa Android vipimo vya dp 48 kwa 48 (pointi na dp ni vipimo vya skrini visivyotegemea wingi wa pikseli zake). Aikoni yenyewe inaweza kuwa 24, ila eneo linaloitikia kidole liwe kubwa. Viwango vya WCAG (vya kimataifa, vya kurasa zinazotumika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu), ngazi ya AA, vinadai utofauti wa mwangaza wa 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma, na 3:1 kwa maandishi makubwa. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3:1. #767676 kinapita kwa shida. Kosa usilionyeshe kwa wekundu peke yake. Weka aikoni au maneno, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Kazi ya kuchapwa

Karatasi haina toleo la marekebisho. A4 ni milimita 210 kwa 297, lakini rangi au picha inayofika ukingoni lazima ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, hivyo ukurasa wako unakuwa 216 kwa 303. Bila hiyo, kisu kikisogea kidogo tu unabaki mstari mweupe pembeni. Maandishi muhimu nayo yakae ndani ya mstari huo kwa milimita 5 au zaidi.

Picha iwe na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa. Picha yenye upana wa pikseli 2400 inatosha inchi 8, kama sentimita 20. Ukiivuta ijaze bango la nusu mita, itavurugika. Rangi zigeuzwe kuwa CMYK (wino nne za uchapaji: samawati, majenta, njano na nyeusi) kwa profaili, yaani faili la mipangilio ya rangi, atakayoitaja mchapaji, na uziangalie upya, kwani kijani na buluu kali za skrini hufifia. Maandishi madogo meusi yawe wino mweusi asilimia 100 peke yake. Yakichanganywa wino nne, sahani za uchapaji zikipishana kidogo tu herufi hupata kivuli.

Mrejesho

Ingia kwenye kikao na daftari, na usijitetee kabla mtu hajamaliza. Andika tatizo alilolitaja, siyo dawa aliyoipendekeza tu. Akisema “kuza nembo”, muulize ni nini hakionekani. Mara nyingi shida ni msongamano ulioizunguka nembo, na kuikuza kutazidisha. Baada ya kikao tuma orodha ya yaliyokubaliwa. Wakuu wawili wakipingana, usichague wewe wala usijaribu kuwaridhisha wote kwa mchoro mmoja wa kati. Mpelekee msimamizi wako pande zote mbili, zimechorwa, aamue.

Kazi zako baada ya mkataba

Ulichokichora kazini kwa kawaida ni mali ya kampuni, na mkataba wa siri unaweza kukukataza kukionyesha hata baada ya kuondoka. Omba ruhusa kwa maandishi ukiwa bado ndani, ukitaja kazi moja moja, kwa kuwa ombi la jumla hukataliwa kirahisi. Kazi ambayo bado haijatoka, iache. Kwa zile zilizoruhusiwa, andika wazi sehemu uliyofanya wewe: aikoni, mpangilio wa kurasa tatu, au kurekebisha rangi. Msanifu mzoefu akiuliza swali moja tu kuhusu sehemu usiyoifanya, atajua papo hapo.