Namna ya kuchanganyiwa rangi ya ukuta ikatoka ile unayoitaka

Rangi ikitoka sivyo, mara nyingi kosa limefanyika kabla mashine ya kuchanganya rangi dukani haijawashwa: sampuli mbaya, au besi (rangi ya msingi inayoongezwa rangi nyingine) isiyofaa.

1. Piga hesabu ya lita. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye ukuta wa mita 2.7 kina karibu mita za mraba 38. Toa mlango na dirisha, zinabaki 34 hivi. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja (yaani kupaka mara moja), kwa hiyo mikono miwili ni lita 7 kasoro. Chukua 7.5, zote kwa mara moja. Ukirudi wiki ijayo kuongeza lita moja, tofauti inaweza kuonekana ukutani hata kama fomula (vipimo vya mchanganyiko) ni ileile.

2. Andaa sampuli. Picha ya simu haifai, maana kamera na kioo hubadilisha rangi. Peleka kipande halisi, bapa na kisafi, kisichopungua upana wa sentimita 3, ili jicho la mashine inayosoma rangi lisisome kingo. Wengi hubandua kipande nyuma ya kifuniko cha swichi (zima umeme kwanza). Ni sawa kama unapaka chumba chote. Lakini kama unaziba kiraka, pale nyuma rangi haijapigwa na jua wala moshi. Itaonekana mpya kuliko ukuta wenyewe. Bandua mahali panapoonekana, ufute kwa maji ya sabuni, ukaushe.

3. Taja aina na mng'ao kabla ya kuchanganyiwa: ya maji au ya mafuta, isiyong'aa, ya hariri au inayong'aa sana. Rangi moja ikiwa na mng'ao tofauti, jicho huona rangi mbili.

4. Hakikisha besi. Rangi hafifu huchanganywa kwenye besi nyeupe. Nyekundu kali au buluu iliyokolea huhitaji besi ya wazi, ambayo ina weupe kidogo sana. Fomula ya besi moja ikimiminwa kwenye nyingine, hutoka kitu kingine kabisa. Na kwa kuwa besi ya wazi haifuniki vizuri, tanguliza praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta) ya kijivu, la sivyo utapiga mikono minne.

5. Usiondoke na kopo bila kulifungua. Omba tone lipakwe kwenye kifuniko au karatasi, likaushwe kwa upepo wa moto, ndipo ulinganishe. Rangi nyingi za maji zikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko zikikauka, kwa hiyo kulinganisha tone bichi ni kujidanganya. Sogea na karatasi hadi mlangoni pia: rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa ya duka na kuachana juani. Kasoro hurekebishwa hapohapo kwa kuongeza matone ya rangi. Iliyokolea kupita kiasi ni vigumu kuirudisha.

6. Nyumbani, paka ubao wa sentimita 60 kwa 60 mikono miwili. Uegemeze kila ukuta, uutazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka.

7. Ukiridhika, mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa na ukoroge hadi chini. Makopo mawili hayalingani asilimia mia, na mpaka wake hujitokeza katikati ya ukuta.

Piga picha lebo yenye fomula, besi na mng'ao kabla hujaanza kupaka; michirizi ya rangi huifuta. Bakisha nusu lita kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni, imefungwa vizuri, kwa ajili ya mikwaruzo.