Kupima Ukuaji wa Shina la Mti kwa Hesabu ya Duara

Anayetaka kujua mti umenenepa kiasi gani hana haja ya kuukata wala kuutoboa. Shina likitazamwa kwa mkato wa mlalo hukaribia umbo la duara, na mzingo wa duara ukishajulikana, kipenyo, nusukipenyo na eneo lake hupatikana kwa kalamu na karatasi. Vifaa ni tepu laini ya kupimia, kama ile ya fundi cherehani, pamoja na daftari. Kinachobaki ni subira ya mwaka mmoja au zaidi kati ya kipimo cha kwanza na cha pili.

Pima kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua cha mtu mzima, kwa kuwa chini ya hapo shina hutanuka kuelekea mizizini na kuharibu hesabu. Mti ukiwa kwenye mteremko, kimo hicho huhesabiwa kutoka upande wa juu. Ukikuta kinundu au tawi mahali hapo, sogea juu kidogo hadi shina linyooke, kisha uandike kimo ulichotumia na kutia alama ya rangi kwenye gome, maana vipimo viwili vilivyochukuliwa sehemu mbili tofauti havilinganishiki hata kidogo.

Hakikisha pia kwamba tepu imezunguka shina kwa usawa bila kulala upande. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo, lakini kwenye shina lenye mzingo wa sentimeta 251, tepu iliyoinama kwa digrii 10 tu huongeza takriban sentimeta 2 ambazo mti haukuzikua.

Sasa hesabu yenyewe. Mzingo ukigawanywa kwa pai, yaani 3.14, hutoa kipenyo. Ukigawanywa kwa 6.28 hutoa nusukipenyo. Kwa hiyo ili kupata unene ulioongezeka kila upande, chukua mzingo mpya, toa mzingo wa zamani, kisha gawanya tofauti hiyo kwa 6.28. Hapa ukubwa wa mti hauna athari yoyote: mche mwembamba na jitu la msituni, kila mmoja mzingo wake ukiongezeka sentimeta 6.28, umenenepa sentimeta 1 kutoka katikati kwenda nje.

Hata hivyo, unene si kiasi cha mti kilichoongezeka, na hapa ndipo wapimaji wengi hupotea. Tuchukue mti mdogo ambao mzingo wake umetoka sentimeta 62.8 hadi 75.4 katika miaka 5, na mti mkubwa uliotoka sentimeta 251.2 hadi 257.5 katika muda huohuo. Nusukipenyo cha mdogo kimetoka sentimeta 10 hadi 12, na cha mkubwa kimetoka 40 hadi 41, hivyo mdogo unaonekana kuushinda mkubwa mara mbili. Lakini eneo la pete iliyoongezeka hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo kipya kwa chenyewe, kutoa cha zamani kilichozidishwa kwa chenyewe, na kuzidisha jibu kwa pai. Kwa mti mdogo ni 144 kutoa 100, mara 3.14, yaani sentimeta za mraba 138; kwa mkubwa ni 1,681 kutoa 1,600, mara 3.14, yaani 254. Mti uliodhaniwa kuwa umezubaa ndio uliotengeneza mbao nyingi zaidi.

Kumbuka kwamba hakuna shina lililo duara kamili. Kati ya maumbo yote yenye mzingo mmoja, duara ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote, kwa hiyo shina lililobonyea au lenye mifereji hupewa na hesabu hii eneo kubwa kuliko lililonalo. Aidha, tepu hupima pamoja na gome, nalo huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu. Ndiyo maana inafaa kupima msimu uleule kila mwaka.

Hesabu hiyohiyo husaidia kukadiria ukuaji ujao. Tuseme mti mdogo wa mfano wetu utaendelea kuongeza sentimeta za mraba 138 kila miaka 5. Nusukipenyo chake hakitapanda tena kwa sentimeta 2, bali kitafika takriban 13.7, kisha 15.2, ikiwa na maana kwamba ongezeko limeshuka hadi 1.7 na baadaye 1.5. Pete zinazopungua upana kwenye kisiki, basi, zisichukuliwe mara moja kuwa dalili ya mti kudhoofika. Pima kwanza eneo la kila pete.