Somo: Kupanga mkondo wa hadithi na kionjo cha "sehemu ijayo" kwenye gemu za mfululizo

Habari wakuu. Wengi wanaoanza kutengeneza gemu za hadithi zinazotoka sehemu kwa sehemu hufanya hivi: wanaipamba sehemu ya kwanza mpaka inang'aa, halafu usiku wa mwisho wanabandika kionjo, yaani kipande kifupi cha kumwonjesha mchezaji sehemu ya pili, chenye picha kali walizozibuni papo hapo. Sehemu ya pili yenyewe bado haijaandikwa. Miezi mitatu baadaye kionjo kile ndicho kinachowadai. Kwa hiyo humu nitakwenda kinyumenyume: kwanza mkondo, kisha mahali pa kukata, kionjo karibu na mwisho kabisa.

Mfano wangu utakuwa mmoja tangu mwanzo, gemu ya sehemu tano. Meli imerudi bandarini bila nahodha wake. Mchezaji ni Zaina, karani wa bandari, na mkononi ana daftari la safari lenye kurasa zilizochanwa. Kaka yake Zaina ni baharia wa meli hiyohiyo.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya matukio

Mkondo ni swali linalochukua muda kujibiwa, basi. Andika matatu. La msimu mzima: nahodha yuko wapi, na nani hakutaka arudi? La sehemu ya kwanza: nani alichana kurasa? La mhusika: je, Zaina atausema ukweli hata ukimwangukia ndugu yake?

Swali la msimu linaweza kukaa wazi mwaka mzima na mchezaji akavumilia. La sehemu halina msamaha huo. Mtu akicheza saa mbili akatoka mikono mitupu, kionjo kiwe kizuri namna gani hakitamrudisha.

Tazama Telltale Games, kampuni iliyojulikana kwa gemu za sehemu kwa sehemu, walivyolishughulikia hili kwa njia mbili tofauti. Kwenye msimu wa kwanza wa Sam & Max, gemu ya vichekesho kuhusu wapelelezi wawili, uliotoka kati ya 2006 na 2007, kila sehemu ilikuwa kesi yenye mwanzo na mwisho wake, huku uzi wa watu kupumbazwa akili ukipita chini kwa chini katika sehemu zote sita. Vichekesho vinabeba mtindo huo vizuri. The Walking Dead ya 2012 haikuwa na kesi za kufunga, lakini kila sehemu ilikuwa na shida yake. Sehemu ya pili inakupeleka kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na swali ni moja tu: wenyeji hawa wakarimu wana nia gani? Kabla pazia halijashuka umeshajibiwa, tena vibaya.

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja wa mwisho wa msimu

Ukurasa mmoja unatosha. Usipojua nahodha yuko wapi, huwezi kujua ni kipi cha kuficha kwenye sehemu ya kwanza.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kukata

Kuna kukata kwa bei rahisi: mlango unafunguka, mtu anageuka, kiza. Mchezaji amenyimwa kitu alichokuwa ameshakifikia. Ukifanya hivyo mara moja atacheka, mara ya pili ataona unamchezea.

Kata baada ya jibu. Zaina anagundua kwamba kurasa zilichanwa na nahodha mwenyewe. Swali la sehemu limefungwa, lakini jibu hilo limepindua swali la msimu: kama alichana mwenyewe, huenda aliondoka kwa hiari yake. Hapo ndipo pa kukata. Waandishi wa hadithi zetu za mtandaoni, wale wa "itaendelea", wanaijua siri hii vizuri kuliko watengenezaji gemu wengi. Msomaji aliyeachwa na arosto anarudi kulalamika kila siku. Aliyedhulumiwa halalamiki, anaacha kufuatilia kimyakimya.

Hatua ya 4: Orodhesha maamuzi yanayovuka kwenda sehemu nyingine

Mchezaji wako atafanya maamuzi mengi, lakini yanayostahili kubebwa na faili la sevu (linalohifadhi mchezaji alipofikia na alichoamua) hadi sehemu ijayo ni machache. Yape alama na uyaandike mahali pamoja. Kwenye mfano wetu nina moja kubwa: Zaina amempa mlinzi ufunguo wa bohari, au ameuficha.

Chora matawi yote mawili kisha tafuta mafundo, yaani pale yanapokutana tena. Kwangu fundo la kwanza la sehemu ya pili ni bohari kufunguliwa usiku. Awe mlinzi, awe Zaina, litafunguliwa. Fundo la pili ni mazungumzo na kaka. Zungushia mafundo hayo wino mwekundu, kwa sababu kionjo kinachotwa humo tu.

Hatua ya 5: Tengeneza kionjo

Hapa tukae kidogo.

Sehemu ya kwanza ya The Wolf Among Us, gemu ya upelelezi ya Telltale haohao, ilitoka Oktoba 2013 na kumalizika kwa kionjo. Sehemu ya pili ilipofika Februari 2014, baadhi ya yale yaliyoonyeshwa kwenye kionjo hayakuwemo. Gemu ilipendwa hata hivyo, ila mashabiki waliokuwa wamekikagua kionjo picha kwa picha kwa miezi hiyo yote waliliona pengo mara moja. Mchezaji wa gemu ya upelelezi umemfundisha wewe mwenyewe kukusanya ushahidi. Usishangae akikukagua na wewe.

Kionjo changu kina picha nne, jumla nusu dakika hivi:

1. Mlango wa bohari, usiku. Sauti ya Zaina: "Nilidhani nawajua watu wote wa bandari hii."
2. Mkono unaingiza ufunguo kwenye kufuli. Kama ufunguo alipewa mlinzi, mkono umevaa glovu. Kama Zaina aliuficha, kidole kina doa la wino.
3. Uso wa kaka, karibu sana. "Usiniulize swali ambalo hutaki jibu lake."
4. Kiza. Kengele ya meli inalia mara moja. Maandishi: Sehemu ya 2.

Picha ya kwanza na ya nne ni kweli kwa kila mchezaji. Ya pili inasoma alama kwenye sevu. Mwendo wa mkono ni uleule, kilichobadilika ni kilichouvaa tu, kwa hiyo kazi ya ziada ni ndogo sana. Lakini mchezaji aliyeuficha ufunguo akiona lile doa la wino anajua gemu imemkumbuka, na hilo lina nguvu kuliko mlipuko wowote.

Picha ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kwenye kionjo, kaka anaonekana kama anazungumzia nahodha. Kwenye sehemu yenyewe, maneno yaleyale yatahusu deni la baba yao. Je, huo ni udanganyifu? Kwangu mimi hapana. Kumpoteza mtu kuhusu maana ya maneno ni sehemu ya mchezo. Kumwonyesha maneno ambayo hayatasemwa kamwe ni kuvunja ahadi.

Yapo makosa mawili yanayoua kionjo haraka. La kwanza, kumwonyesha mzima mhusika ambaye sehemu imeisha hatujui kama amepona. La pili, kuonyesha jibu la fumbo: ukipitisha chombo fulani mbele ya kamera, mchezaji atakitafuta tangu dakika ya kwanza. Chombo kinachofungua njia kisionekane kabisa.

Kiweke kabla ya orodha ya majina ya watengenezaji, maana majina yakianza kupanda wengi wanafunga. Na kiwe na kitufe cha kuruka, kwa sababu wapo wasiotaka kuonjeshwa chochote, na wana haki yao.

Hatua ya 6: "Ilipoishia"

Sehemu ya pili ifunguke kwa muhtasari mfupi. Usirudie kionjo. Kumbusha yale tu yatakayohitajika leo: kurasa, ufunguo, kaka. Life Is Strange ya kwanza ilitoka kwa sehemu tano kati ya Januari na Oktoba 2015. Kwa mapengo ya namna hiyo hata shabiki wa kweli husahau nani alimwambia nani nini. Muhtasari nao usome alama za sevu, na uandae seti ya kawaida kwa mchezaji aliyebadilisha kompyuta akapoteza faili lake.

Hatua ya 7: Tarehe isiingie ndani ya gemu

Iweke kwenye tangazo, ambako kuifuta ni rahisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mimi natoa gemu nzima kwa mkupuo. Nina haja ya haya yote?

Mkondo na mahali pa kukata, ndiyo. Alan Wake ya 2010 iliuzwa ikiwa kamili lakini imegawanywa kama tamthilia ya televisheni, kila sehemu mpya ikianza na muhtasari wa yaliyopita. Faida yake ni kwamba mchezaji anapata pa kupumzikia, na akirudi baada ya wiki hajapotea. Kionjo ndicho unachoweza kukiacha. Sehemu ijayo iko umbali wa kubonyeza kitufe, kumwonjesha kutamchelewesha tu.

Swali: Kionjo kimeshatoka, na sehemu ya pili nimelazimika kuibadilisha. Nifanyeje?

Kwanza angalia kama maneno au picha hiyo inaweza kuhamia kwenye tukio jingine. Mara nyingi inawezekana, kama ile sentensi ya kaka. Ikishindikana, toa sasisho la sehemu ya kwanza lenye kionjo kipya, na useme waziwazi kwenye maelezo ya sasisho. Ukikaa kimya, watakusemea.

Swali: Habari kaka. Niko peke yangu, sina uwezo wa kutengeneza picha zinazotembea kwa ajili ya kionjo.

Habari dada, au kaka, nisamehe kama nimekosea. Huhitaji. Picha tuli mbili kutoka kwenye mandhari uliyokwisha kuchora, sauti moja, na kiza. Kengele ile ya meli haina picha hata moja. Kitu pekee usichotakiwa kufanya ni kuchora mandhari mapya kwa ajili ya kionjo tu. Yatakufunga kuyatumia hata hadithi ikiyakataa.

Swali: Kati ya sehemu na sehemu ni vizuri muda gani upite?

Inategemea umemaliza kiasi gani kabla ya kuanza kutoa. Tell Me Why ya 2020 ilikuwa na sehemu tatu, moja kila wiki. Dispatch, mwishoni mwa 2025, ilitoa sehemu mbilimbili kila wiki mpaka zikatimia nane. Kwa kasi hiyo kionjo kinafanya kazi yake hasa, kwa sababu hamu haijapoa. Upande wa pili kuna Kentucky Route Zero: sehemu ya kwanza 2013, ya tano Januari 2020. Watengenezaji wake walijaza mapengo kwa vigemu vifupi vya bure vilivyogusa ulimwengu uleule. Kama unajua utachelewa, kigemu cha dakika ishirini ni bora kuliko kionjo, maana hakiahidi kitu, kinatoa.

Swali: Na nikiishiwa nguvu au pesa katikati ya msimu?

Hutokea hata kwa wakubwa. SiN Episodes ilianza 2006 ikaishia sehemu ya kwanza. Half-Life 2: Episode Two ya 2007 iliacha watu njia panda na sehemu ya tatu haikuja. Telltale wenyewe waliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wote Septemba 2018, msimu wa mwisho wa The Walking Dead ukiwa nusu njia. Kampuni ya Skybound ndiyo iliyoumalizia, na sehemu ya mwisho ikatoka Machi 2019.

Kinga ni hatua ya 1 na ya 3: sehemu ikijibu swali lake, inasimama hata ikibaki peke yake. Zaidi ya hapo, kama huna uhakika wa sehemu ya pili, toa ya kwanza bila kionjo na bila maneno "sehemu ya 1 kati ya 5" kwenye jalada. Zaina atamjua aliyechana kurasa, mchezaji atabaki anajiuliza kuhusu nahodha, na hakuna atakayekudai. Kionjo utakiongeza kwa sasisho siku bohari ikiwa imeshachorwa na kaka ameshapewa sauti.